Boksi la Futi Sita na Nusu

Watu wa Makadara wanajua kupenda besi, lakini besi yenyewe hawajui inatoka wapi. Mtu atanunua spika nne za inchi kumi na tano, auze hata friji ya mama yake, halafu azifunge kwenye kabati la vyombo na ashangae zinakohoa. Spika si kitu, boksi ndilo kila kitu. Likiwa na mwanya wa wembe, besi inavuja. Likiwa dogo, besi inasongwa. Likizidi ukubwa, inabwabwaja tu. Haya yote Andati alikuwa akiyasema kila siku, bure, kwa yeyote aliyesimama mbele ya kibanda chake nyuma ya Barabara ya Jogoo, na wengi walisimama kwa sababu ya kivuli.

Andati alikuwa seremala. Miaka minane ya kwanza alitengeneza majeneza. Kisha akamwoa Khavere, na Khavere akamwambia waziwazi kwamba halali kitanda kimoja na vanishi ya wafu, achague. Akachagua maboksi ya spika. Mbao ni mbao, alisema. Lakini jicho la majeneza halikumtoka, maskini. Mpaka leo ukimpa mkono anakupima, urefu na mabega, kabla hajakuuliza habari za nyumbani.

Jumatatu asubuhi pikapu nyeupe ikaegeshwa mbele ya kibanda, akashuka kijana wa miaka thelathini hivi, nadhifu, viatu vinang'aa. Aliitwa Phares Mulongo, mfanyakazi wa kiwanda kimoja huko Baba Dogo.

"Fundi, niaje."

"Poa. Karibu."

"Nataka boksi huku nyuma. Spika nne. Alhamisi liwe tayari."

Andati akacheka. "Alhamisi ya mwezi gani?"

Kijana hakucheka. "Mbuyu, baba yangu, ameenda, fundi. Tunamzika Jumamosi, nyumbani."

Basi mzaha ukaishia hapo. Andati akavua kofia, akampa pole kwa mikono miwili. Yeye ni mtu wa magharibi na Phares ni mtu wa magharibi, na kwao mzee mwenye wajukuu hasindikizwi kimya kama paka aliyegongwa barabarani. Muziki lazima. Wala kazi ya matanga haina kuvutana bei. Phares alitaja alichonacho, Andati akasema sawa. Kijana akatoa simu, akamwonyesha tangazo la msiba: picha ya mzee mwembamba mwenye kofia ya reli, anacheka na pengo lake, na chini yake jina, Mzee Mulongo, na tarehe ya mazishi.

"Sasa sikiliza," Phares akasema. "Juu ya boksi pawe bapa kabisa. Jeneza litakaa hapo juu, besi ipige chini yake tukiingia bomani."

Hilo Andati hakuwahi kulisikia. Lakini kila mwenye msiba hulia kivyake, akajiambia, nani yeye wa kuuliza. Akatoa futi yake.

"Urefu?"

"Boksi futi sita na nusu. Pembeni uweke ukingo, jeneza lisiteleze. Mabega ya mzee ni inchi ishirini."

"Na uzito? Nauliza kwa sababu kifuniko kisipobeba sawasawa kitatetemeka, utasikia mbao badala ya besi."

"Kilo sabini na moja," Phares akajibu papo hapo.

Andati akaandika kwenye kipande cha plaiwudi. Alidhani ni hesabu ya mochari. Mochari gani inapima watu kilo, hilo hakujiuliza, na mimi simlaumu, maana aliyefiwa huulizi maswali ya kipelelezi.

Alifanya kazi kwa moyo, Mungu anajua. Alikata plaiwudi nene ya inchi moja, akaiunganisha kwa gundi na skrubu, akaweka mihimili saba ndani ili kifuniko kibebe mtu. Akatoboa tundu la kutolea upepo, akalipiga msasa kwa kidole mpaka likawa laini kama sahani. Kila mwanya akaujaza gundi, akazungusha taa ndani kuona kama mwanga unatoka. Haukutoka. Akalivika boksi zulia jeusi. Jumatano mchana watu wanne wakamsaidia kulipandisha nyuma ya pikapu, likaingia kama limezaliwa humo.

Saa tisa alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya gari, anapitisha waya wa betri, aliposikia fimbo inagonga bati la pikapu.

"Wewe! Unafanya nini kwenye gari yangu?"

Akainua kichwa. Kofia ya reli. Pengo. Akajigonga kwenye ukingo wa boksi hadi macho yakaona nyota.

"Mulembe," mzee akasema, kwa sauti ya chini kidogo, alipoona fundi ameumia.

"Mulembe, mzee," Andati akaitikia, maana mdomo huitikia salamu hata kama moyo umekimbia. Mzee akampa mkono. Mkono ulikuwa wa moto, mkono wa mtu aliyetoka kunywa chai sasa hivi. Na jicho la Andati, bila kuombwa, likapima: mabega inchi ishirini.

"Mimi ni Mulongo," mzee akasema. "Nimefanya kazi reli miaka thelathini na moja, na gari hii niliinunua kwa jasho langu. Mwanangu aliniambia ameipeleka breki. Hizi ni breki?"

Kabla Andati hajapata la kusema, Phares akatokea upande wa barabara, mbio mbio, jasho linamtiririka. Akacheka kicheko kikubwa. "Baba! Umeharibu mambo, nilitaka kukushtukiza!" Akamshika mkono kwa adabu, akamvusha, akamwita wa bodaboda na kumlipia nauli ya kwenda nyumba za reli alikokaa. Alimpandisha, akahakikisha mzee amekaa vizuri, halafu akarudi kibandani, akakaa juu ya boksi.

"Fundi, usiniangalie hivyo."

"Nikuangalie vipi? Umeniambia amekufa!"

"Si ni mchango tu? Watu wa kazini wamechanga. Marafiki wa mtaa wa Lucky Summer wamechanga. Tunaweka jeneza tupu hapa juu, tunapiga picha, tunatuma kwenye grupu, mambo yanaisha. Mzee atabaki hapa Nairobi anakunywa uji wake. Nani ameumia?"

Andati akatazama chini. Ni wizi, ndiyo, na ni wizi wa aibu, lakini ukilinganisha na lile wazo lililokuwa limemjia dakika kumi zilizopita, wizi ulimpendeza. Alitaka sana uwe wizi. "Hiyo dhambi ni yako," akasema, akarudi kwenye waya zake.

Usiku ule alimsimulia Khavere. Khavere alikuwa anakatakata sukuma wiki, na kisu kikasimama.

"Picha ya jeneza tupu inahitaji kilo sabini na moja?"

Andati akainama kufungua kamba za viatu.

"Nakuuliza wewe, seremala. Picha ina mabega?"

"Labda alitaka ionekane kweli."

"Labda! Andati, huyo kijana amempima baba yake. Kesho asubuhi nenda umwambie yule mzee."

"Nimwambie nini? 'Shikamoo mzee, matanga yako ni Jumamosi'? Khavere, wewe umelelewa wapi? Mtu hai hatajiwi matanga yake. Ukimtajia umemwita kifo, na kikija watasema nani alianza kukitaja? Mimi!"

Na hapa msimcheke. Wengi wetu tuna shahada na simu kubwa na bado hatuwezi kutamka jambo kama hilo mbele ya mzee mwenye mvi. Khavere mwenyewe aliinamisha kichwa, akafikiri.

"Basi usimtajie matanga," akasema. "Mwambie asisafiri. Neno moja tu. Asisafiri na mwanawe popote wiki hii. Hilo nalo litakushinda?"

Hakulala. Alikuwa anajifunza neno hilo gizani kama mtoto anayejifunza aya ya Jumapili: mzee, usisafiri, mzee, usisafiri. Kwenda polisi alikuwa amekwisha kuwaza. Angewaambia nini? Wangeuliza marehemu ni nani, na marehemu alikuwa yuko hai, ana fimbo, anagonga magari ya watu.

Alhamisi asubuhi Phares alikuja kujaribu muziki. Andati akawasha amplifaya. Besi ilipotoka, haikupiga kelele; iliingia kwa miguu, ikapanda magotini, ikakaa tumboni, na mabati ya vibanda vyote yakaanza kuimba. Mama wa chapati akashika sufuria yake. Siku nyingine yoyote Andati angelia kwa furaha. Phares aliweka kiganja juu ya kifuniko, akasikiliza, akaridhika, maana kifuniko hakikutetemeka hata kidogo.

"Wewe ni noma, fundi. Wacha niende nikatafute kamba. Narudi saa sita kuchukua gari."

Hata nusu saa haijaisha, mzee akaja. Safari hii kapita njia ya nyuma, polepole, anaangalia kulia na kushoto. Andati akamwekea stuli. Sasa, akajiambia, sema sasa. Lakini mzee akamtangulia.

"Wewe ni mtu wa kwetu," mzee akasema. "Mtu wa kwetu hatanidanganya. Niambie, hili boksi ni la kazi gani?"

Jamani. Usiku kucha mtu amejifunza jibu, na swali likaja lingine! Andati akafungua mdomo. Lile neno la kweli lilikuwa pale pale, matanga, na yule mzee alikuwa mbele yake ana macho makavu ya mtu anayengoja. Angelitamkaje? Ulimi ukakwepa, ukashika la karibu. Muziki wa pikapu ni wa mambo mawili tu, na moja halitajiki.

"Ni la harusi, mzee."

"Harusi?" Mzee akasimama kabisa. "Harusi ya nani?"

"Si… ya Phares."

"Na Ayuma?"

Andati hakuwa amewahi kulisikia jina la Ayuma maishani mwake. "Na Ayuma," akasema.

Mzee akaketi tena. Akavua kofia, akajifuta uso nayo, na Andati akaona analia. Miaka sita, mzee akasema, miaka sita Ayuma amekaa na Phares, amemzalia watoto wawili, na kila Krismasi anaulizwa kanisani ataolewa lini. Yule binti ana subira ya punda. Kumbe kijana alikuwa na mpango! Kumbe ndiyo sababu ya siri zote hizi!

"Nikuambie kitu, fundi, maana umeniondolea mzigo. Siku tatu ananisihi twende nyumbani leo, ati nikamwonyeshe mipaka ya shamba. Nikakataa. Nikamwambia nikiwa hai shamba halikatwi. Na ukweli nilikuwa namwogopa. Mwanangu wa kumzaa, namwogopa! Mara ya mwisho tulipokwenda, alinipa chai nikatapika siku tatu. Nikasema sitapanda gari na huyu tena, tukiwa wawili peke yetu." Akacheka, aibu imemjaa. "Shetani ni mbaya, anakufanya umfikirie mtoto wako hivyo. Hata wiki iliyopita alinipeleka kupimwa sukari, wakanipima mpaka uzito. Akanipima mabega kwa mkono wake, kwa kamba, nikamuuliza ya nini. Ati anataka kunishonea suti. Na kweli suti ameileta. Nikajiuliza, suti ya nini kwa mzee kama mimi? Kumbe!"

Andati akamshika mkono. "Mzee," akasema. "Mzee, usisafiri."

"Nisisafiri?"

"Leo. Usisafiri leo. Nakuomba."

"Nikose harusi ya kifungua mimba wangu? Wewe nawe!" Mzee akamgonga begani kwa fimbo, kwa utani. "Harusi ni watu, fundi. Penye watu nani atanifanya kitu? Wacha nikavae." Akaondoka anatembea haraka kuliko alivyokuja, na kila aliyekutana naye njiani alimsimamisha kumpa habari. Mama wa chapati akapata habari. Muuza maji akapata habari.

Andati alikuwa bado ameshika stuli Phares aliporudi na kamba mpya begani.

"Mzee alipita hapa?"

"Alipita."

"Alisema nini?"

"Kwamba…" Uongo ulikuwa umekwisha wote. "Kwamba anakwenda kuvaa suti. Ili msafiri."

Phares aliweka kamba chini taratibu. "Amekubali? Siku tatu namwomba, fundi. Nimemwomba kwa magoti. Umemwambia nini?"

Andati akaiweka stuli chini. Phares akatabasamu, akampa mkono, akaufinya. "Asante sana. Umenisaidia kuliko hata boksi."

Gari likaondoka. Andati alibaki amesimama muda wa kuhesabu hadi thelathini hivi, na hiyo thelathini atailaumu mpaka kaburini. Kisha akatupa aproni akakimbia. Alikata vichochoro, akaruka mtaro, akapita sokoni watu wakimtukana, mpaka akatokea nyumba za reli akiwa hana pumzi. Pikapu ilikuwa mlangoni. Mzee Mulongo alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele, suti nyeusi mpya, tai, kofia ya reli magotini. Wanawake wa ploti nzima walikuwa wametoka, wengine na povu la sabuni mikononi, wanaimba. Phares alikuwa ndani anafunga begi.

Andati akashika mlango wa gari. "Mzee, shuka."

"Fundi! Umekuja kutusindikiza?"

"Shuka, mzee. Hakuna harusi. Nilikudanganya, naomba unisamehe. Boksi ni la matanga. Ni la matanga yako. Wamekutangaza umekufa, unazikwa Jumamosi, jeneza litakaa juu ya boksi hilo, alinipa mabega yako na kilo zako. Shuka!"

Alilitamka. Miaka yote ya kuogopa, na akalitamka mbele ya mzee mwenye mvi, kwa sauti, mchana. Wimbo ukakatika kwa walio karibu. Uso wa mzee ukajifunga.

"Asubuhi nilikuuliza kwa heshima," mzee akasema polepole. "Nikakuambia wewe ni mtu wa kwetu. Ukaniambia harusi, ukamtaja na Ayuma kwa jina."

"Wewe ndiye uliyemtaja, mzee, mimi nilirudia tu…"

"Sasa, jioni haijafika, unakuja kunitajia kifo changu mbele ya watu. Nishike lipi?"

"Hili! Shika hili! Kuna tangazo, lina picha yako!"

"Nionyeshe."

"Liko kwenye simu yake."

Mzee akatikisa kichwa. Aliangalia ile suti, akapapasa tai yake, akawaangalia wanawake waliokuwa wameimba kwa ajili yake. Kwa kitambo kidogo mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha mlango, Andati aliuona, ukasita pale. Kisha akauondoa.

"Mtu anayemtajia mwenzake matanga siku ya harusi ana roho mbaya," akasema. "Toka kwenye gari yangu."

Phares alikuwa ametoka na begi. Aliwatazama tu majirani wawili, wanaume wa reli wenye vifua, kwa uso wa mtu anayeomba radhi, nao wakamshika Andati makwapani na kumwondoa mlangoni taratibu, vile anavyoondolewa mlevi. Alipiga kelele. Alisema mochari, alisema chai, alisema shamba, yote kwa pamoja, na kadiri alivyosema ndivyo watu walivyozidi kumwonea huruma mzee kwa kuharibiwa siku yake.

Phares akawasha gari, akawasha muziki. Besi ikatoka safi, bila kuvuja popote, ardhi ya ploti ikatetemeka. Wanawake wakapokea kwa vigelegele. Mzee akashusha kioo, akaweka kofia kichwani, akawapungia mkono wote isipokuwa mmoja, na pikapu ikakata kona.

Andati alisimama katikati yao machozi yanamtoka. Mama mmoja aliyekuwa karibu naye akamvuta mkono.

"Fundi, usitutie mkosi na machozi yako," akamwambia. "Harusi haililiwi. Piga makofi."

Watu wote walikuwa wanamwangalia. Akapiga.